Elektroni hazikwishi, na nyutro si waya wa kusindikiza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako tuseme neno kuhusu maelezo yaliyozoeleka mno mitaani, na wakati mwingine hata midomoni mwa mafundi wenzetu: kwamba mtambo wa umeme unatengeneza elektroni, zinasafirishwa kwa nyaya mpaka nyumbani, taa na pasi zinazila, na LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) ikianza kulia ujue zimebaki chache. Lingekuwa kosa la kwenye mtihani tu, tusingekusumbua. Lakini mtu mwenye picha hiyo kichwani huona waya wa moto ndio unaoleta mali, nyutro (waya wa kurudishia mkondo) unasindikiza tu, na ethi (waya unaoshuka ardhini) ni pambo la kumfurahisha mkaguzi. Hapo ndipo nyumba zinapoungua na watu wanapopigwa na umeme.

Tazama transfoma iliyo juu ya nguzo ya mtaa wako. Ndani yake kuna koili mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Upande mmoja zinaingia volti 11,000 au 33,000, upande wa pili zinatoka 400 kati ya fezi na fezi (fezi ni kila mmoja wa nyaya tatu za moto), yaani 230 kati ya fezi na nyutro. Koili hizo hazigusani. Zimetengwa kwa karatasi na mafuta, na hakuna elektroni hata moja inayovuka kutoka huku kwenda kule. Kinachovuka ni uga wa sumaku unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Kwa hiyo umeme uwe wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, uwe wa Rusumo au wa mitambo ya mafuta ya Nyakato, elektroni zinazotikisika kwenye soketi ya nyumba ya Mabatini, hapa Mwanza, hazikutoka huko. Zilikuwemo ndani ya shaba tangu waya ulipotoka kiwandani.

Na zimo nyingi kweli. Kila atomu ya shaba huachia takribani elektroni moja ikawa huru, hivyo mita moja ya waya wa milimita 2.5 za mraba ina elektroni huru kama 2 ikifuatwa na sufuri 23. Birika la wati 2,000 huvuta ampea 8.7, na kila ampea ni elektroni zipatazo bilioni 6.24 mara bilioni moja zinazopita sehemu moja kwa sekunde. Ukizigawanya kwa wingi huo uliomo ndani ya waya, unaona mwendo wenyewe ni mdogo ajabu: robo milimita kwa sekunde. Ungekuwa umeme wa upande mmoja kama wa betri, elektroni ingetumia zaidi ya saa nzima kumaliza mita moja. Umeme wetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo elektroni haiendi popote. Inacheza kama elfu moja ya milimita mbele, kisha nyuma. Taa huwaka papo hapo kwa sababu msukumo ndio unaokimbia, kwenye nyaya za nyumbani kwa kasi ya takribani kilomita 200,000 kwa sekunde, nao unazikuta elektroni zimekwisha kujaa njia nzima.

(Mishale ya mkondo mliyoichora shuleni inaelekea kinyume na elektroni. Benjamin Franklin alichagua chanya na hasi katika karne ya 18, J. J. Thomson akaja kuigundua elektroni mwaka 1897, na vitabu vilikuwa vimeshazoea. Kwa fundi haina madhara, hesabu zinatoka vilevile.)

Unachonunua kwa LUKU ni nishati. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja, yaani jouli 3,600,000. Mita inapima volti, inapima ampea, inazidisha na kujumlisha kadiri muda unavyokwenda. Kuchemsha lita moja na nusu ya maji kutoka nyuzi 25 hapa Mwanza, ambako kwa sababu ya kuwa zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari maji huchemka karibu na nyuzi 96, kunahitaji jouli kama 446,000, sawa na sehemu moja ya nane ya uniti. Joto limebaki kwenye maji. Mkondo wote ulioingia birikani kwa waya wa moto umetoka kwa nyutro, ampea kwa ampea. Haukupungua hata chembe. Mengine yote tunayotaka kuyasema yanatokana na sentensi hiyo.

Tuanze na nyutro. Nyutro ikikatika ndani ya nyumba, vifaa vinazima, halafu testa inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Wengi hapo husema umeme umezidi. Haujazidi. Kuna taa au friji iliyoachwa imewashwa, na kupitia humo msukumo wa waya wa moto unafika hadi kwenye nyutro iliyokatika na kukosa pa kurudi. Ukigusa nyutro hiyo, unakuwa wewe ndiye njia ya kurudia.

Ikikatika nje, kwenye nguzo au karibu na transfoma, hali ni mbaya zaidi. Nyumba za fezi tofauti zinazotumia nyutro moja zinajikuta zimefungamana kwa mfululizo kwenye volti 400. Tuseme nyumba ya kwanza ina birika la wati 2,000, ukinzani wake ni omu 26. Ya pili ina televisheni na friji ndogo, jumla wati 200, ukinzani kama omu 264. Volti hugawanyika kufuata ukinzani: nyumba ya birika inapata kama 36, ile ya televisheni inapata kama 364. Ndiyo maana mtaa mmoja unaweza kuunguza televisheni na redio kwa dakika chache wakati jirani analalamika taa zake zimefifia. Ukiona taa zimeng'aa kupita kawaida na za jirani zimefifia, zima mein swichi kwanza, kisha piga simu ya dharura. Usingoje kuona kama itatulia.

Sasa kuna ujanja mmoja tunaokutana nao ambao tunausema bila kumung'unya maneno: nyutro ikileta shida, mtu anaunga njia ya kurudia mkondo kwenye rodi ya ethi, ile fimbo ya chuma inayopigiliwa ardhini. Taa ya LED ya wati 10 inawaka vizuri, maana inavuta sehemu ndogo sana ya ampea, na mteja anafurahi. Rodi ya kawaida ya mita 1.2 kwenye udongo mzuri wenye unyevu ina ukinzani wa kama omu 70. Siku birika likiwashwa, omu 26 za birika na omu 70 za rodi zinagawana volti 230, na rodi inabeba volti 168 hivi. Rodi hiyo ndiyo iliyounganishwa na bodi (gamba la chuma) la friji, bodi la mashine ya kufulia na kila chuma chenye waya wa kijani na njano. Nyumba nzima inakuwa na umeme kwenye mabodi, bila fyuzi kukatika wala breka (swichi inayojikata mkondo ukizidi) kuruka.

Hilo linatuleta kwenye ethi yenyewe, na hapa Mwanza ina tatizo lake. Mji umekaa juu ya mawe. Kwenye vilima vya Bugando, Igogo, Isamilo na Mabatini, rodi inapigwa nyundo, kwenye sentimita 40 inagonga mwamba, inaanza kupinda. Fundi mwenye haraka anaikata kwa msumeno, anafunga klampu juu ya kipande kilichobaki, anafunika kwa zege. Kwa macho kazi imekwisha. Kwa hesabu, kipande cha sentimita 40 kwenye kifusi kikavu kinaweza kuwa na omu 800 na ushee.

Chukua pasi ambayo waya wake wa moto umegusa bodi. Mkondo unapita kwenye waya wa ethi, unaingia ardhini na kurudi kwa udongo hadi kwenye ethi ya nyutro kule transfoma. Volti 230 kwa omu 850 ni ampea 0.27. Fyuzi ya plagi ni ya ampea 13, breka ya soketi ni ya 20 au 32. Hata kwa rodi nzuri ya omu 70 mkondo ni ampea 3 tu na ushee. Hakuna kitakachokatika. Bodi la pasi litabaki na karibu volti zote 230, na wakati huohuo wati 62 zinapasha udongo moto mchana na usiku, uniti moja na nusu kwa siku. Wanaolalamika kuwa uniti zinaliwa na hawajui na nini, wachomoe vifaa vyote kwenye soketi, wazime taa, waache mein swichi imewashwa, kisha waangalie kitaa cha mita. Kikiendelea kupepesa mara kwa mara, kuna uvujaji kwenye nyaya za ukutani. Kikitulia, warudishe kifaa kimoja kimoja.

Kinachookoa maisha hapo ni ile swichi ya uvujaji ambayo mafundi tunaiita RCCB. Inafanya kazi kwa sababu elektroni hazitumiki. Waya wa moto na nyutro vyote vinapita katikati ya pete moja ya chuma. Mkondo unaokwenda ukilingana na unaorudi, nguvu zao za sumaku zinafutana na pete haioni kitu. Ukipungua upande wa kurudi, maana yake kuna mkondo umepata njia nyingine, kwenye ukuta wenye maji au kwenye mwili wa mtu. Tofauti ikifika miliampea 30 inaruka ndani ya sehemu tatu za kumi za sekunde. Tofauti ikiwa kubwa mara tano, ndani ya sehemu arobaini za elfu moja za sekunde tu, yaani sekunde 0.04. Mwili uliolowa una ukinzani wa kama omu 1,000, hivyo volti 230 zinaweza kupitisha miliampea 230, na zaidi ya 30 kwa muda mrefu zinatosha kuvuruga mapigo ya moyo. Fyuzi ipo kulinda waya, haikulindi wewe.

Kwa RCCB ya miliampea 30, ethi inaruhusiwa hadi omu 1,600 hivi, kwa sababu miliampea 30 zikipita kwenye omu hizo bodi halizidi volti 50. Kwa hiyo hata ile rodi iliyokatwa ingeirusha. Lakini mwamba mkavu wa Agosti na Septemba si sawa na ule wa masika, na ukinzani unaweza kupanda mara kadhaa. Pale rodi isipozama, dawa ni kuchimba mtaro wa kina cha sentimita 60 na kulaza waya mtupu wa shaba wa milimita 25 za mraba, mita 10 au zaidi, kwenye udongo wowote uliopo kati ya mawe, ukifukiwa kwa udongo mfinyanzi na si kwa kokoto. Kwenye udongo wa wastani, mita 10 zinaweza kutoa kama omu 60. Chumvi na mkaa vinavyowekwa kuzunguka ethi vinasaidia kwa msimu mmoja. Mvua inaosha chumvi, na iliyobaki inakula klampu.

RCCB ikiwa inaruka ovyo, tafadhali ulinzi usiondolewe kwa kuunga nyaya moja kwa moja. Shusha breka zote, washa RCCB, pandisha breka moja baada ya nyingine. Inaporuka, umejua saketi. Chomoa vifaa vya saketi hiyo, rudisha kimoja kimoja. Mara nyingi mkosaji ni shawa ya umeme, birika, pasi, au soketi ya nje iliyoingia maji. Ikiruka hata breka zikiwa chini, tafuta mahali nyutro inapogusa ethi, kwa sababu breka za kawaida hukata waya wa moto tu na nyutro inabaki imeungwa. Sababu nyingine ya kuruka ovyo, breka zikiwa juu, ni fundi aliyekopa nyutro ya saketi isiyopita kwenye RCCB: mkondo unakwenda kwa njia moja, unarudi kwa nyingine, na pete inaona upungufu ingawa hakuna uvujaji. Swichi haina kosa, nyaya ndizo zimepangwa vibaya.

Viungo navyo. Elektroni zinapotikisika hugongana na atomu za shaba, na joto linalotoka hufuata mraba wa mkondo ukizidishwa kwa ukinzani. Skrubu ya soketi iliyolegea inaweza kuwa na nusu omu. Birika likivuta ampea 8.7, hapo panatoka wati 38 kwenye sehemu ndogo kuliko punje ya mahindi, sawa na chuma cha kulehemu cha fundi redio kikiwa kimesahauliwa ukutani. Breka haioni chochote, mkondo ni wa kawaida. Utakachoona ni plastiki ya soketi kugeuka rangi ya chai na harufu ya samaki aliyeoza. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu ndani ya dari zinaishia hukohuko. Tumia konekta ya skrubu, kaza, kisha vuta kila waya kuona kama umeshika.

Waya bandia unaongeza balaa. Ukwangue kwa kisu: shaba ni nyekundu mpaka ndani. Ikitokea nyeupe, ni alumini iliyopakwa, ambayo kwa unene uleule ina ukinzani wa karibu mara 1.6 na hulegea kwenye skrubu kila ikipata moto na kupoa. Ikivutwa na sumaku, ni chuma. Roli ya mita 90 ya shaba inakuelemea mkononi. Ikiwa nyepesi kwa namna ya kukushangaza, irudishe dukani.

Kwa wenye bustani za kando ya ziwa, upande wa Igombe na Kayenze, swali linalotufikia ni pampu inayonguruma bila kuanza kuzunguka. Kawaida pampu ya nguvu ya farasi moja imeungwa kwa waya wa milimita 1.5 za mraba, mita 100 kutoka kwenye mita ya umeme. Mkondo unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 200, si 100: omu 2.3. Ikizunguka huvuta ampea 6 na kupoteza volti 14, hiyo si shida kubwa. Wakati wa kuanza hutaka kama ampea 30, na hapo zinapotea volti karibu 70 njiani. Mota inabaki na 160, na kwa kuwa nguvu yake ya kuanzia hufuata mraba wa volti, inapata nusu tu. Inanguruma, koili zinachemka, vanishi inayozifunika inaungua. Waya wa milimita 4 unapunguza upotevu wa kuanzia hadi volti 26, na mota inapata karibu asilimia 80 ya nguvu hiyo. Ni ghali, lakini kufunga upya koili za mota mara mbili ni ghali zaidi.

Pampu hiyo iwe na RCCB yake. Majini hakuna elektroni huru. Mkondo hubebwa na ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, na Ziwa Victoria ni maji baridi yenye chumvi chache. Watu hudhani basi ni salama. Ni kinyume: mwili wa binadamu una chumvi nyingi kuliko maji hayo, hivyo mkondo unaovuja ziwani hupendelea kupita kwa anayeoga au anayevuta mpira wa maji. Usishike mpira wala waya mpaka mein swichi iwe chini.

Wavuvi wa dagaa nao waondolewe dhana ileile kwenye betri za taa. Betri iliyokwisha ina elektroni zilezile ilizokuwa nazo ikiwa imejaa. Kilichobadilika ni kemia: risasi ya bamba moja na oksidi ya risasi ya bamba la pili zimegeuka salfeti, na asidi imepungua ukali. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.7; ikifika 12.0 acha kuitumia na ipelekwe chaji siku hiyohiyo, kwa sababu salfeti ikikaa inakuwa ngumu na haigeuki tena. Betri ya kufunguka iongezwe maji yaliyochujwa kwa mvuke, kamwe si ya ziwani.

Ombi letu kwa wenzetu ni dogo: fomu ya kukamilisha kazi iandikwe omu za ethi zilizopimwa kwa kipimo, tarehe na jina la aliyepima, sanduku lililoandikwa "ipo" halitoshi. Na kwa mwenye nyumba, kwenye RCCB kuna kitufe chenye herufi T. Kibonyeze kila baada ya miezi mitatu. Swichi isiporuka, kifaa kimekufa, kibadilishwe leo. Ikiruka, kifaa ni kizima, lakini kitufe hicho hakipimi ethi: hupitisha mkondo kidogo pembeni ya pete tu, na swichi itaruka hata rodi ikiwa imeng'olewa. Ethi inapimwa kwa kipimo chake peke yake.

Mafundi umeme wa majumbani,
Mwanza